Sauti ya Mshtakiwa Hukaa Wapi?

Kituo cha muda cha Kenani, wilayani Nchelenge, Zambia, kilianza kupokea wakimbizi mwaka 2017, wakati watu wa mikoa ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika walipokuwa wakikimbia mapigano ng'ambo ya Ziwa Mweru. Mapema 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hiyohiyo, na familia zikaanza kuhamishiwa huko. Waliovuka walikuja na Kiswahili cha Kongo, Kiluba, Kitabwa, Kibwile na lugha nyingine. Upande wa Zambia walikuta Kibemba sokoni na Kiingereza mahakamani. Zambia imezipa nafasi lugha saba za wenyeji shuleni na redioni: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kiswahili hakimo. Basi mtu aliyetoka Pweto au Moba, akishtakiwa Nchelenge, husimama kizimbani na lugha ambayo dola inayomshtaki haijazoea kuihudumia.

Sheria yenyewe haina kasoro hapo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Zambia inataka mshtakiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, tena apewe mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Kenya imeandika hivyohivyo katika ibara ya 50 ya Katiba ya 2010, na Uganda katika ibara ya 28 ya Katiba ya 1995. Zote zinalingana na ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Ukizisoma kwa pamoja utadhani jambo hili limekwisha.

Halijakwisha, kwa sababu ahadi hizo zinamtaja mkalimani bila kusema kazi yake itapimwaje. Nikizilinganisha mahakama za ukanda wetu, nina swali moja la kuziuliza zote: maneno aliyotamka mshtakiwa, kwa lugha yake, yanakaa wapi baada ya kutamkwa, na nani anaweza kuyarudia akayapima? Kwa maoni yangu, jibu la swali hilo hutenganisha kesi ya haki na kesi iliyotimiza tu sharti la kuwa na mkalimani.

Tuchukue mfano mmoja, usiomhusu mtu yeyote halisi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika sehemu nyingi za nchi ili samaki wazaliane. Mvuvi kutoka upande wa Kongo anakamatwa Januari, na nyavu zinakutwa ndani ya mtumbwi aliokuwamo pamoja na wenzake. Mahakamani anaulizwa kwa Kiingereza, na mkalimani anamfikishia hivi: "Wewe hukutega nyavu hizi?" Anajibu: "Ndiyo." Kwa mtu yeyote aliyekulia katika Kiswahili, huyo amekana. Amesema ni kweli, sikutega. Mkalimani akiibeba "ndiyo" hiyo peke yake hadi kwenye Kiingereza, mshtakiwa amekiri. Hakimu, ambaye katika mahakama nyingi za chini huandika mwenendo wa kesi kwa mkono wake, na huandika majibu kama sentensi kamili, ataandika kwamba mshtakiwa amesema alitega nyavu. Kesi ikipanda kwenye rufaa, majaji watasoma sentensi safi ya Kiingereza. Swali la awali halimo, wala ile "ndiyo" haimo. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna alama ya mahali kosa lilipotokea.

Mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambayo Zambia, Kenya, Uganda na Tanzania ziliyarithi, yamejenga kinga dhidi ya ajali ya aina hiyo. Msingi wake unaonekana katika shauri la Lee Kun, Mchina aliyeshtakiwa kwa mauaji London, lililomo katika vitabu vya hukumu vya 1916. Rufaa yake ilikataliwa, lakini majaji waliacha kanuni: kuwapo kwa mshtakiwa kizimbani kuna maana pale tu anapoelewa ushahidi unaotolewa dhidi yake, kwa hiyo mgeni asiyejua lugha lazima atafsiriwe ushahidi huo. Kanuni hiyo ilisafiri na bendera ya Uingereza. Mwaka 1993 iliokoa maisha ya mtu katika Bahari ya Hindi. Kunnath, mkulima wa Kerala anayesema Kimalayalam, alikuwa amehukumiwa kifo Mauritius kwa kuingiza heroini. Mkalimani alikuwapo mahakamani, ila ushahidi haukutafsiriwa. Baraza la Faragha la London, lililosikiliza rufaa yake, lilifuta hukumu hiyo. Kuwa na mkalimani chumbani hakukutosha. Alipaswa kufanya kazi yake, na jaji alipaswa kuhakikisha anaifanya.

Afrika Mashariki nayo ina shauri lake kuu, Adan dhidi ya Jamhuri, lililoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Humo zimo hatua za kupokea kukiri kosa, na mahakama za Kenya na Tanzania zinazitaja hadi leo. Mashtaka na kila kiini cha kosa vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakana au kuongeza maelezo. Akikana jambo la msingi, kukiri kwake kufutwe na kesi isikilizwe. Ni kanuni yenye huruma na akili, kwa kuwa inajua mtu anaweza kusema "nilichukua" bila kukubali kwamba aliiba.

Ila itazame pale inaposema maneno yake mwenyewe yaandikwe. Mwenendo ukiandikwa kwa Kiingereza na mshtakiwa akasema Kiswahili, Kiturkana au Kiluba, kinachoandikwa ni maneno ya mkalimani. Kanuni nzuri kuliko zote katika mapokeo haya inasimama juu ya mtu ambaye jina lake kwa kawaida halipewi uzito, ambaye mara nyingi ni karani aliyekuwa akipanga majalada dakika tano zilizopita, na ambaye hakuna aliyempima.

Kinga iliyobaki ni kwamba mtu huyo anaonekana, na anayeonekana anaweza kupingwa. Kapenguria ni ushahidi wa hilo. Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano ilipoanza huko mwishoni mwa 1952, mbele ya Jaji Ransley Thacker, mkalimani wa Kikikuyu alikuwa Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Kabete na kukulia katika lugha hiyo. Kwa ufasaha ilikuwa vigumu kumpata mwenziwe miongoni mwa Wazungu wa Kenya. Lakini Leakey alikuwa pia ameandika kitabu dhidi ya Mau Mau, na alikuwa karibu na serikali iliyokuwa ikiendesha mashtaka. D. N. Pritt, wakili wa utetezi, aliipinga tafsiri yake na akapinga pia mahali aliposimama katika mgogoro wenyewe. Leakey akajiondoa. Kenyatta na wenzake walitiwa hatiani Aprili 1953, na historia imeihukumu kesi hiyo kwa namna yake. Hata hivyo somo la ukalimani limebaki: kuijua lugha hakutoshi ikiwa anayeijua ana upande. Na upande huo ulijadiliwa kwa sababu ulikuwa wazi mbele ya watu, na kwa sababu washtakiwa walikuwa na mawakili wenye uwezo wa kusikia kosa na kulisema.

Vuka Ziwa Mweru sasa uingie Kongo, na utaratibu unabadilika. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba, ilhali Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Ibara ya 18 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Mtu wa Pweto anayehojiwa kwao hana shida ya kueleweka, kwa kuwa afisa anayemhoji naye anasema Kiswahili. Ila katika mapokeo ya sheria yaliyotoka Ubelgiji, jalada ndilo linalobeba kesi, na jalada hujengwa kwa hati ya mahojiano ambayo Wakongo huiita PV. Afisa anauliza kwa Kiswahili, anasikia kwa Kiswahili, anaandika kwa Kifaransa. Mwishoni hati hutaja kwamba mhojiwa amesomewa, ameshikilia maneno yake, na ametia saini. Tafsiri imefanyika, na aliyeifanya ni mtu yuleyule anayetafuta ushahidi. Hakula kiapo cha ukalimani, hana wa kumpinga, na hata yeye mwenyewe huenda haoni kwamba ametafsiri.

Ingekuwa rahisi kuliona hilo kuwa tatizo la Wakongo na wenye sheria ya Kifaransa. Lakini Tanzania ilifanya jambo linalofanana na hilo kwa miongo mingi. Katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, shahidi alisema Kiswahili, mwendesha mashtaka aliuliza kwa Kiswahili, hakimu alielewa kila neno, kisha akaandika mwenendo kwa Kiingereza. Mahakama za mwanzo pekee ndizo zilizosema na kuandika kwa lugha moja. Hakimu mwadilifu alikuwa mkalimani wa siri wa kila shahidi, na hakuna rufaa iliyoweza kumuuliza kwa nini alichagua neno hili na si lile. Mapokeo mawili tunayozoea kuyaweka mbali, ya Brussels na ya London, yalikutana hapo: lugha ya watu iliishia hewani, na karatasi ikabaki na lugha ya ofisi.

Tanzania ilichagua kuondoa pengo lenyewe. Januari 2021, Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika kwa Kiswahili hukumu iliyohusu Mgodi wa Dhahabu wa North Mara. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli alimteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, pamoja na nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Nalipongeza jambo hilo bila kusita. Mshtakiwa wa Musoma anaweza kusoma hukumu yake, na akiona maneno yake yamepindwa anaweza kuonyesha kwa kidole mahali yalipopindwa. Hakuna mkalimani bora atakayempa uwezo huo.

Lakini dawa ya Tanzania haiwafikii wote, hata ndani ya Tanzania. Mkimbizi wa Burundi aliye Nyarugusu, anayejua Kirundi tu, atasimama mbele ya Kiswahili kama Mkongo wa Kenani anavyosimama mbele ya Kiingereza. Sisi wenye Kiswahili tuna tabia ya kukiona kuwa lugha ya kila mtu, na tabia hiyo ni hatari mahakamani. Hata kati ya Kiswahili na Kiswahili pana umbali. Msemaji wa Katanga husema "batu banasema" na hutumia "iko" mahali ambapo mtu wa Tanga angejenga sentensi nyingine kabisa. Anayejua Kiswahili cha vitabu tu anaweza kumwelewa nusu, akaijaza nusu ya pili kwa kukisia, na mahakama ikaamini kwamba imetimiza wajibu.

Suala la nusu hiyo limeamuliwa The Hague, na aliyelifikisha huko ni Mkongo. Germain Katanga, aliyeshtakiwa kwa makosa ya Ituri, aliomba tafsiri ya Kilingala. Mahakama ya chini iliona kwamba Kifaransa chake kinatosha. Tarehe 27 Mei 2008, kitengo cha rufani cha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kiliutengua uamuzi huo. Mkataba wa Roma, katika ibara ya 67, unazungumzia lugha ambayo mshtakiwa anaielewa na kuisema kikamilifu, na majaji walilitilia mkazo neno hilo la ukamilifu: kumudu mazungumzo ya kawaida si kipimo, na ombi la mshtakiwa likubaliwe isipokuwa ionekane wazi kwamba anaitumia haki yake vibaya. Hicho ni kipimo cha juu kuliko cha katiba zetu, ambazo zinaridhika na kuelewa. Kikitumika Nchelenge, kisingizio kwamba mshtakiwa amekaa wilayani miaka kadhaa na anajua Kibemba cha sokoni kisingesimama. Kibemba cha kununulia samaki hakimtoshi mtu kujitetea dhidi ya kifungo.

Arusha ilitufundisha jambo la pili. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa mjini humo, ilikuwa na Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha zake rasmi, ilhali mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, maneno yalitoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa, kisha Kiingereza. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, ina sehemu inayokiri waziwazi ugumu huo. Majaji walimsikiliza mtaalamu wa isimu, Dkt. Mathias Ruzindana, kuhusu maneno ambayo maana zake zilibadilika kadiri siasa ilivyobadilika, na wakazingatia desturi za watu za kusimulia muda, umbali na mambo waliyoyasikia kwa wengine. Walilitazama suala la lugha kama sehemu ya ushahidi, si kazi ya karani. Na vikao vilirekodiwa. Sauti ya shahidi, kwa Kinyarwanda chake, ilibaki, na mwenye shaka aliweza kuirudia.

Wapo watakaosema Arusha na The Hague zilikuwa na fedha za dunia nzima, na Nchelenge ina hakimu mmoja, kalamu na foleni ya watu nje ya mlango. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halilifungi jambo. Ulaya tajiri nayo ilijikwaa mahali hapohapo: mwaka 2002 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikuta Uingereza na hatia katika shauri la Cuscani, Mwitaliano ambaye, siku ya kusomewa adhabu, mkalimani alikosekana na ndugu yake akategemewa badala yake. Fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni jaji wa kusema kesi haiendelei. Na ukitazama barazani, mbele ya wazee wa mila kandokando ya ziwa, utaona kinga nyingine isiyogharimu kitu: shauri husemwa mbele ya watu wanaojua lugha zote mbili, na anayetafsiri vibaya hukatizwa papo hapo na aliyekaa pembeni yake. Mapokeo hayo yana udhaifu wake, hasa kwa mwanamke au mgeni anayeogopa kusema mbele ya umati. Ila wazo lake ni lilelile la Arusha: maneno yawe mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuyasikia.

Kwa hiyo mambo ya kufanywa Nchelenge si mengi, na hayasubiri msaada wa mbali. Kwanza, lugha iulizwe kituoni kwa polisi, siku ya kukamatwa, na iandikwe kwa jina lake pamoja na mahali mtu alipojifunzia: Kiswahili cha Moba, Kiluba cha Manono, Kibwile cha Pweto. Maelezo yaliyochukuliwa polisi kwa lugha ya kubahatisha hayaponi mahakamani, hata apatikane mkalimani hodari kiasi gani. Pili, swali la mkalimani na jibu la mshtakiwa virekodiwe kwa sauti, angalau wakati wa kusomewa mashtaka na wakati wa kujitetea, na rekodi ikae ndani ya jalada. Simu ya kawaida inafanya kazi hiyo. Rufaa ikija, majaji wasikie "ndiyo" ya mvuvi pamoja na swali lililoizaa.

Tatu, wakalimani watafutwe miongoni mwa wakimbizi wenyewe, wafunzwe, wapimwe, waape, walipwe. Mantapala haikosi watu waliosoma Kongo kwa Kifaransa, wanaosema Kiswahili cha nyumbani na waliokwisha kujifunza Kibemba. Hapa ndipo Kapenguria inaporudi na onyo lake. Sehemu ya vita vilivyowaleta watu Kenani ilipiganwa kati ya Waluba na Watwa wa Tanganyika. Mkalimani fasaha anaweza kuwa ametoka upande uliochoma kijiji cha mshtakiwa, au mshtakiwa akaamini hivyo, na hofu hiyo peke yake itamfunga mdomo. Basi kabla ya kiapo, hakimu amuulize mshtakiwa, kwa utaratibu na bila haraka, kama ana sababu ya kumkataa mtu huyu, na sababu ikiwapo atafutwe mwingine. Katika mashauri ya ubakaji, mwanamke aulizwe kama yuko radhi maneno yake yapite kinywani mwa jirani yake wa kambini. Polisi, mlinzi wa kambi na ndugu wasishike kazi hiyo kamwe.

Nne, hakimu asiichukulie tafsiri kuwa kazi ya mtu mwingine. Kunnath, Cuscani na Akayesu, pamoja na umbali wa nchi na mapokeo yao, wanakubaliana hapo: mwenye dhamana ya kuelewana mahakamani ni anayeketi mbele. Akiona jibu refu limegeuka neno moja, au neno moja limegeuka jibu refu, asimamishe na kuuliza. Akisikia mshtakiwa anakubali kila kitu kwa haraka, amwombe aeleze kwa maneno yake yeye mwenyewe alichoambiwa kwamba amekosa. Asipoweza kueleza, hajakiri.

Nimezilinganisha mahakama hizi kwa sababu kila moja inatazamwa kana kwamba inasimama peke yake, na kila moja huona mapungufu ya jirani kabla ya yake. Kongo ina lugha ya watu bila mkalimani wa kupingwa. Zambia na Kenya zina mkalimani, mara nyingi bila sauti iliyohifadhiwa. Tanzania imeiunganisha lugha ya kusema na ya kuandika, na bado inao wageni wasioijua. Arusha ilihifadhi sauti, kisha ikafunga milango kabla desturi hiyo haijafika katika mahakama za wilaya zinazoizunguka. Hakuna haja ya kuvumbua. Kila tunachohitaji kimekwisha kufanyika mahali fulani katika ukanda huu, na anayekidai si mwanasheria wa mbali bali ni mtu aliyevuka Mweru akiwa na lugha yake tu. Dola iliyoahidi katika katiba yake kumsikiliza ina deni kwake, na deni hilo hulipwa kwa kuyaweka maneno yake, kama alivyoyasema, ndani ya jalada linaloamua uhuru wake.